Merikebu Mbili: Amani ya Mji na Haki ya Mtuhumiwa

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote: kurasa hizi zataka kuyapima mas'ala ambayo watu huyanena sana na kuyapima kidogo. Nayo ni haya: Mji ukiingiwa na khofu kwa wingi wa wauaji na wezi, je, yajuzu kwa mtawala kuwakamata watu kwa tuhuma tu, wenye makosa na wasio na makosa pamoja, ili wengi wapate kulala salama? Au haki ya mtu mmoja asiye na kosa ni kitu ambacho hata amani ya mji mzima haiwezi kuwa thamani yake?

Katika mabaraza ya pwani, baada ya sala ya Alasiri, kahawa inapozunguka, husikika mtu akisema: "Lau nasi tungepata mtawala kama yule wa El Salvador, mambo haya ya wizi na visu yangekwisha kwa wiki moja!" Na wenziwe huitikia kwa vichwa. Wasemao hivi si wajinga wala si madhalimu. Ni watu waliovunjiwa maduka, na ambao watoto wao wameporwa njiani wakirudi chuoni. Khofu yao ni ya kweli, na mwenye kutaka kuwajibu hana budi kuanza kwa kuikubali. Lakini khofu ni mshauri mbaya, kwani humwonesha mtu mlango mmoja tu, na kumficha kwamba nyumba ina milango mingine.

Basi na ianzwe kwa El Salvador yenyewe, kwa insafu, bila ya kusifu kupita kiasi wala kukashifu.

El Salvador ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati, yenye watu wapatao milioni 6. Makundi mawili ya wahalifu, MS-13 na Barrio 18, yalizaliwa miongoni mwa wahamiaji katika mji wa Los Angeles huko Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1992, watu wengi wa makundi hayo walirudishwa kwao, wakaikuta nchi iliyovunjika, wakaitawala mitaa yake. Mwenye duka akawa hulipa kodi mbili, moja ya serikali na moja ya kundi. Mwenye basi asiyelipa aliuawa. Kijana wa mtaa huu hakuweza kuvuka njia kwenda mtaa wa pili. Mwaka 2015 waliuawa watu zaidi ya 6,600, yaani zaidi ya watu 100 katika kila watu 100,000, na hapana nchi nyingi duniani zisizo vitani zilizopata kufika hapo.

Tarehe 26 Machi 2022, kwa siku moja tu, waliuawa watu 62. Kesho yake Baraza la Kutunga Sheria, kwa matakwa ya Rais Nayib Bukele, likapitisha hali ya hatari kwa muda wa siku 30. Haki ya mtu kuambiwa sababu ya kukamatwa kwake ikasimamishwa, na haki ya kupata wakili ikasimamishwa pia, na muda wa kuwekwa kizuizini kabla ya kuoneshwa hakimu ukavutwa kutoka saa 72 hadi siku 15. Askari wakaingia mitaani. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 waliokamatwa walikuwa zaidi ya watu 80,000. Na mwaka huo wa 2024, kwa hesabu ya serikali, waliuawa watu 114 katika nchi nzima. Wazee wakarudi kukaa vibarazani, na watoto wakarudi kucheza njiani. Neno hili ni kweli, na mwenye kulikanusha hatasikilizwa, wala hastahili kusikilizwa.

Lakini kweli haikatwi nusu. Mauaji yalikuwa yamekwisha kushuka kabla ya hali hiyo: kutoka zaidi ya 6,600 mwaka 2015 hadi wasiofika 1,200 mwaka 2021. Na katika wale waliokamatwa, Rais mwenyewe alikiri mwaka 2024 kwamba watu wapatao 8,000 wamekwisha kufunguliwa kwa kuwa hawana kosa. Msomaji na asimame kidogo juu ya hesabu hii. Mtu 1 katika kila 10 alitolewa nyumbani kwake, akatenganishwa na mkewe na watoto wake, akalazwa juu ya sakafu pamoja na wauaji, kisha akaambiwa: "Nenda zako, haukuwa wewe." Na hao ndio waliojulikana. Mwezi wa Julai 2023 ikapitishwa sheria ya kuwashitaki watu hata 900 katika shauri moja. Wachunguzi wa haki za binadamu walihesabu zaidi ya watu 200 waliokufa gerezani hadi mwaka 2024, wengi wao kabla ya kuhukumiwa. Na ile hali ya siku 30 ikaongezwa mwezi baada ya mwezi, hata mwaka 2025 ikawa ingali ikiongezwa.

Hii ndiyo mizani. Katika kitanga kimoja zimo roho za watu zilizookolewa, nazo ni nyingi. Katika kitanga cha pili wamo watu wasio na kosa waliotiwa gerezani kwa jina la wengi. Mtu wa barazani hukitazama kitanga cha kwanza peke yake, na mtu wa kalamu huenda akakitazama cha pili peke yake. Mwanachuoni hana budi kuvitazama vyote viwili.

Mas'ala haya si mapya. Watu wa pwani, ambao baba zao walijua bahari na khatari zake, watayafahamu upesi kwa mifano miwili ya merikebu iliyomo katika ilimu ya Kiislamu.

Merikebu ya kwanza imo katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Nu'man bin Bashir. Watu waliipigia kura merikebu, wengine wakapata juu na wengine chini. Wale wa chini, kwa taabu ya kupanda juu kuteka maji, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Maana ya hadithi ni kuwa wa juu wakiwaacha, wataangamia wote. Na wakiwashika mikono, wataokoka wote. Merikebu hii yafundisha kwamba mhalifu hatobozi sehemu yake peke yake. Kumzuia ni faradhi, na mtawala anayewaacha wauaji watawale mitaa amekhini amana yake. Basi asidhani mtu kwamba kumtetea mtuhumiwa ni kumwachia mtoboaji.

Merikebu ya pili ameitaja Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi'i, aliyekufa mwaka 505 wa Hijria (1111), katika kitabu chake cha usuli kiitwacho Al-Mustasfa. Watu wamo ndani ya merikebu. Wakimtosa mmoja wao wataokoka, na wasipomtosa watazama wote. Je, yafaa kumtosa? Jawabu yake ni kuwa haifai, hata kwa kura. Ghazali hakuwa mtu asiyejua maana ya maslaha. Katika mlango huo huo amekubali kwamba huenda ikajuzu jambo zito, pale adui anapojikinga kwa mateka wa Kiislamu, ikiwa kumwacha adui ni kuiangamiza umma nzima na mateka wenyewe pamoja. Lakini ameliwekea jambo hilo masharti matatu. La kwanza, iwe ni dharura, yaani hapana njia nyingine. La pili, iwe ni yakini, si dhana. La tatu, maslaha yawe ya umma mzima, si ya kundi moja la watu. Watu wa merikebu ni kundi lenye idadi, na yule mmoja hana kosa lililomfanya kuwa yeye badala ya mwenziwe.

Kisha katika mlango huo akauliza jambo lililo karibu zaidi na mas'ala haya: Je, yafaa kumpiga mtu aliyetuhumiwa kwa wizi ili aseme? Akaeleza kwamba Imamu Malik amelisema hilo kwa kutazama maslaha ya mali za watu, na kwamba yeye Ghazali halisemi. Sababu yake ni kuwa maslaha hayo yanakabiliwa na maslaha mengine, nayo ni ya yule anayepigwa, kwani huenda akawa hana kosa. Na kumwacha mwenye kosa bila ya kupigwa ni jambo jepesi kuliko kumpiga asiye na kosa. Mtuhumiwa naye ni mtu katika watu, na maslaha yake nayo ni maslaha. Anayesema "maslaha ya umma" huku amewatoa watuhumiwa katika umma, amekwisha kuhukumu kabla ya shauri kusikilizwa.

Sasa na yatazamwe mambo ya miji ya ulimwengu kwa masharti hayo matatu, sharti baada ya sharti.

Sharti la yakini. Wapo wasemao: "Askari wanawajua wahalifu, wakimkamata mtu, hakosi kuwa na neno." Msemaji wa maneno haya na aitazame Japani. Nchi hiyo ni katika nchi zenye amani kubwa kabisa duniani. Wanaouawa hawafiki hata mtu 1 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Mahakama zake huwatia hatiani zaidi ya watu 99 katika kila 100 wanaoshitakiwa. Mtu atasema: basi hawa hawakosei. Lakini mwaka 1966 alikamatwa mtu mmoja, Hakamada Iwao, kwa mauaji ya watu wanne wa nyumba moja. Akahojiwa siku nyingi mfululizo hata akakiri, kisha akayakana maneno yake mbele ya mahakama. Mwaka 1968 akahukumiwa kufa. Akakaa akingoja kunyongwa mpaka mwaka 2014 alipotolewa, na tarehe 26 Septemba 2024 mahakama ya Shizuoka ikamtangaza kuwa hana kosa, na ikasema kwamba ushahidi wa nguo zenye damu ulitengenezwa na wachunguzi. Miaka 56 ilipita baina ya hukumu na haki. Akili yake ilikuwa imekwisha kuharibika kwa upweke na kungoja kifo. Ikiwa hivi ndivyo ilivyotokea katika nchi yenye mahakimu na mawakili na mafaili, itakuwaje pale watu 900 wanaposimamishwa katika shauri moja?

Sharti la dharura. Je, ni kweli kwamba hapana njia nyingine? Mji wa New York watoa ushahidi. Mwaka 1990 waliuawa humo watu 2,245. Katika miaka iliyofuata mauaji yakashuka sana, kwa sababu nyingi ambazo wajuzi wangali wakibishana juu yake. Mojawapo ya mambo yaliyosifiwa ni desturi ya askari kuwasimamisha watu njiani na kuwapekua kwa kuwashuku. Mwaka 2011 walisimamishwa watu mara zaidi ya 685,000, wengi wao weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, na karibu mara 9 katika kila 10 hawakuonekana na kosa lolote. Wakubwa wa mji wakasema kwamba desturi hiyo ikiondolewa damu itamwagika. Mwezi wa Agosti 2013 jaji wa mahakama ya serikali kuu akahukumu kwamba inavunja katiba kwa namna ilivyokuwa ikitumiwa. Ikapunguzwa, hata mwaka 2017 wakasimamishwa watu wasiofika mara 12,000. Na mauaji? Mwaka 2011 yalikuwa 515, na mwaka 2017 yalikuwa 292. Damu iliyotabiriwa haikumwagika. Maelfu kwa maelfu ya vijana walikuwa wamefedheheshwa mbele ya watu kwa dharura ambayo haikuwako.

Mtu wa barazani atasema: "Hao ni Wamarekani, itazameni Singapore, ambako kiboko na kitanzi vimeleta amani." Naam, na itazamwe, lakini pamoja na jirani yake. Singapore na Hong Kong ni bandari mbili zilizokuwa chini ya Uingereza, na wenyeji wao wengi ni wa asili ya Kichina, na wote ni watu wa biashara. Hong Kong ilinyonga mtu wa mwisho mwaka 1966, kisha ikaifuta hukumu hiyo katika sheria mwaka 1993. Singapore iliendelea kunyonga, na mwaka 1994 peke yake ilinyonga watu zaidi ya 70. Wachunguzi walioilinganisha miji hii miwili kwa muda wa miaka 35 waliona kwamba mauaji yalishuka kote kuwili kwa namna moja. Kitanzi hakikuonesha tofauti.

Basi amani ya Singapore imetoka wapi? Wanaoisifu hukiona kiboko na wasiione nyumba. Tangu mwaka 1960 serikali yake imejenga majumba ya kukaa watu, hata ikawa karibu watu 8 katika kila 10 wanakaa humo, na wengi wao ni wenye kumiliki. Tangu mwaka 1952 iko idara ya kuchunguza rushwa, na haimchagui mtu: mwezi wa Oktoba 2024 waziri wa zamani wa uchukuzi, S. Iswaran, alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa zawadi alizopokea akiwa kazini. Hapa ndipo msomaji atakapokumbuka khabari ya mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, na watu wakataka kumwombea kwa ajili ya ukoo wake. Mtume (s.a.w.) akakasirika, akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu akiiba na kumwadhibu mnyonge. Wengi huisoma hadithi hii wakaona ukali tu. Yafaa waone ndani yake usawa pia, na kwamba kilichoangamiza umma zile ni upendeleo.

Mji wa tatu ni Medellín, katika nchi ya Colombia. Mwaka 1991, katika siku za wauza kokeni, waliuawa humo watu wapatao 380 katika kila watu 100,000. Mitaa ya maskini imejengwa juu ya milima, na mtu wa huko alitumia saa nyingi kushuka mjini kutafuta kazi. Yalitokea mambo mengi: ulitumiwa ukali wa jeshi mwaka 2002, nao uliacha malalamiko ya watu waliopotea hata leo, na makundi yenye silaha yakapatana na serikali. Lakini lilitokea pia jambo lisilo la kawaida. Mwaka 2004 mji ulifungua magari ya kuning'inia kwenye kamba za chuma, yanayowapandisha na kuwashusha watu wa milimani, na katika miaka iliyofuata ukajenga huko huko maktaba nzuri na shule na viwanja. Wachunguzi wakailinganisha mitaa iliyofikiwa na magari hayo na mitaa mingine iliyofanana nayo, tangu mwaka 2003 hadi 2008. Wakaona kwamba mauaji yalishuka kote, lakini katika mitaa iliyofikiwa yalishuka kwa theluthi mbili zaidi. Mwaka 2015 mauaji ya mji mzima yalikuwa kadiri ya 20 katika kila watu 100,000. Hakuna asemaye kwamba gari la kamba humzuia mwuaji mkono. Lakini mtaa uliounganishwa na mji hupata kazi na taa na macho ya watu, na kijana wake hupata njia nyingine.

Haya wanavyuoni wa zamani waliyajua. Mawardi, mwanachuoni wa Shafi'i aliyekufa mwaka 450 wa Hijria (1058), alipoandika juu ya hukumu za utawala, hakuuweka ulinzi wa mji katika upanga peke yake. Amemweka muhtasib, msimamizi wa soko na njia, naye huangalia mizani na vipimo, na maji ya mji yakikatika, na ukuta ukianguka, na nyumba zinazobana njia ya watu. Na amekataza muhtasib kupeleleza yaliyofichwa majumbani. Na imepokewa kwa Sayyidna Umar kwamba katika mwaka wa njaa hakuikata mikono ya wezi, kwani njaa ilikuwa imeingia baina ya mtu na kosa lake. Hakuifuta sharia, alitazama kama masharti yake yametimia. Mtawala mwenye kuuliza "nani ameiba?" bila ya kuuliza "kwa nini mtaa huu hauna kazi wala taa?" amefanya nusu ya kazi yake.

Limebaki sharti la tatu, la umma mzima. Hapa ndipo hoja ya watetezi wa El Salvador ilipo na nguvu. Watasema: "Hii si merikebu ya watu wachache, hii ilikuwa nchi nzima ikizama. Watu 62 kwa siku moja! Na hata Mawardi amemruhusu amiri kumzuia mtuhumiwa ili apate kuchunguza." Maneno haya hayafai kupuuzwa. Huenda katika siku zile za Machi 2022 mtawala alikuwa na udhuru ambao kadhi aliyekaa salama mbali hawezi kuupima. Lakini majibu yake ni mawili. La kwanza, Mawardi mwenyewe amenakili ikhtilafu juu ya muda wa kumzuia mtuhumiwa, na mmoja katika wanavyuoni wa Shafi'i, Zubayri, ameuweka kuwa ni mwezi mmoja usiopitwa. Na hata wale wasiouwekea mpaka waliukusudia uchunguzi wa mtu mmoja mmoja, wala hawakukusudia watu kusahauliwa gerezani. La pili, mafakihi wamekubaliana kwamba kilichohalalishwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura. Mwenye njaa ya kufa hula mzoga kadiri ya kumtoa katika mauti, wala hachukui kapu akaupeleka nyumbani. Mauaji yakisha kushuka kutoka maelfu hadi 114, dharura imeondoka kwa ushahidi wa serikali yenyewe. Ikiwa ushindi ni wa kweli, basi hali ya hatari haina hoja tena. Na ikiwa hali ya hatari yahitajiwa daima, basi ushindi si huo unaosifiwa. Mtu hawezi kuyashika maneno yote mawili kwa mkono mmoja.

Mwingine atasema: "Mwawalilia watuhumiwa, na mjane wa aliyeuawa, nani atamlilia?" Huyu ndiye mwenye haki kubwa ya kusikilizwa. Lakini na aulizwe mjane mwenyewe: je, haki yake hulipwa kwa kufungwa mtu yeyote, au kwa kufungwa aliyemwua mumewe? Akifungwa asiyekuwa yeye, mwuaji yungali njiani, na mjane amedanganywa, na mke wa yule aliyefungwa bure amefanywa mjane wa pili. Kumkamata asiye na kosa si kuzidisha haki. Ni kumwacha mwenye kosa huku watu wakidhani kwamba amekamatwa. Imepokewa na Tirmidhi kwa Bi Aisha, na wanavyuoni wamesema juu ya sanadi yake, lakini maana yake mafakihi wameifuata, kwamba kiongozi kukosea kwa kusamehe ni bora kuliko kukosea kwa kuadhibu.

Na watu wa pwani wana sababu ya kuyafahamu haya kuliko wengi. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio ya magaidi, serikali ya Kenya ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Wakakamatwa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, Nairobi. Roho za watu zilikuwa zimepotea kwa magaidi, na khofu ilikuwa ya kweli. Lakini wengi wa waliokamatwa walichukuliwa kwa sura zao na pahala wanapokaa, kisha wakaachiliwa. Waislamu wa pwani walipolaumu wakati ule, walilaumu kwa haki. Basi yawaje leo mtu yule yule akae barazani akitaka vijana wa mtaa wa jirani wazolewe kama takataka, kwa kuwa mavazi yao na misuko ya nywele zao haimpendezi? Kipimo ambacho mtu hakukikubali alipopimiwa yeye, hakimfai kumpimia mwenziwe. Suratul Maida, katika aya yake ya 8, imeamrisha uadilifu hata kwa watu wanaochukiwa, na mtihani wa uadilifu uko hapo. Kwani kumfanyia uadilifu mtu umpendaye si kazi.

Kisha liko jambo lililo karibu zaidi kuliko serikali zote. Kelele ya "Mwizi!" ikipigwa sokoni, umati hukusanyika kwa mawe na fimbo, na mara nyingine kwa petroli. Hapana shahidi aulizwaye, wala hapana mshitakiwa asikilizwaye. Katika umati huo hutokea kuonekana kofia na kanzu, na mtu aliyetoka msikitini hivi punde. Kila mmoja hudhani kwamba jiwe lake ni dogo, na kwamba si yeye aliyeua. Lakini damu haigawanyiki kwa idadi ya mawe. Sharia imeshurutisha mashahidi wanne katika zina, na imemzuia hakimu kuhukumu kwa shubuha, na imempa mshitakiwa nafasi ya kujitetea. Itakuwaje basi mtu asiyekuwa hakimu, asiye na shahidi, amwue mtu kwa simu ambayo huenda hakuiiba? Umati huo ndio El Salvador ndogo, isiyo na rais wala baraza, na kila mwanamume wa mtaa ana mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Basi jumla ya maneno ni hii. Kumshika mkono mtoboaji ni faradhi, na mtawala mlegevu ana dhambi. Lakini kumtosa asiye na kosa si kumshika mkono mtoboaji, na merikebu hizi mbili zisichanganywe. Miji iliyopimwa humu imeonesha kwamba mauaji yaweza kushuka pale dhulma ilipoondolewa, kama New York, na pale kitanzi kilipoachwa, kama Hong Kong, na pale maskini walipofikiwa na mji wao, kama Medellín. Na imeonesha kwamba hata mahakama zenye utaratibu hukosea, kama Japani, seuze zisizo nao.

Wajibu wa Muislamu wa mji ni mambo matatu. Ashuhudie anapoona, kwani wezi wengi huponea kwa ukimya wa majirani kuliko kwa ulegevu wa mahakimu. Atake kwa watawala wake taa na kazi na njia na mahakama ya upesi, kama anavyotaka askari. Na siku kelele itakapopigwa sokoni, mkono wake uwe ni ule unaomzuia mwenziwe asirushe jiwe, mpaka mtuhumiwa afikishwe mbele ya hakimu akiwa hai.

Mwenyezi Mungu aijaalie miji ya watu kuwa na amani isiyojengwa juu ya dhulma, na awape watawala khofu ya Siku ambayo aliyedhulumiwa atasimama na aliyemdhulumu, wala hapatakuwa na hali ya hatari ya kujitetea kwayo. Wallahu a'lam.